Bahasha Ndani ya Pindo

Tausi alikuwa kwenye cherehani msichana asiyemjua alipobisha hodi, amevaa koti jeupe na kushika bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kitambaa?"

"Hapana. Nimeleta majibu ya kipimo chako cha vinasaba, kutoka kliniki."

Mguu wa Tausi uliganda juu ya pedali. Ugonjwa uliomwondoa mama yao ulikuwa wa kurithi, naye alitoa damu siku moja na mdogo wake, Sikitu. Waliahidiana palepale kwenye benchi la kliniki: hakuna atakayefungua majibu peke yake.

"Fungua nikueleze," msichana alimhimiza. "Hata kama umeurithi, siku hizi utachaguliwa dawa inayoendana na vinasaba vyako. Lakini nikiondoka, sirudi mtaa huu hadi mwezi ujao."

"Sikitu anakuja Ijumaa."

"Siku nne, mama! Utalala kweli?"

"Sitalala. Lakini alikuwa analia nilipomwahidi."

Mgeni alipoondoka, Tausi aliitazama bahasha mpaka vidole vyake vikaanza kubandua pembe. Hapo akalivuta gauni alilokuwa akimshonea Sikitu. Akaikunja bahasha mara mbili, akaitia ndani ya pindo, akaishonea humo kwa mkono, kwa mishono midogo ya kubana, kama anavyoshona nguo ya bibi harusi.

Kisha akalitundika gauni mlangoni. Upepo ulipopita, upande mmoja ulipepea. Ule mwingine ulining'inia wima, mzito kidogo.