Maji ya Nyasi

Mwanangu alikuwa akimwagilia nyasi za hoteli nilipopitisha ndoo chini ya uzio. Chemchemi yetu ilikauka tangu hoteli ichimbe kisima cha kujazia bwawa la wageni.

"Mama, rudi nyumbani. Wageni wanapiga picha."

"Ndoo moja tu, mwanangu. Ni ya baba yako."

"Mzee naye anapenda kuoga kama bata. Mwambie avumilie. Maji haya ni ya nyasi, bosi akiniona nimekwisha."

Akacheka, akageuzia mpira wa maji upande wa pili. Matone yakanirukia midomoni, nikayalamba.

"Atavumilia," nikamwambia. "Tangu alfajiri hajalalamika. Kaburi limeshachimbwa, tunangoja maji ya kumwosha."

Mpira ukamponyoka. Akatazama kwanza dirisha la bosi, ndipo akanitazama mimi.