Kuku Mmoja kwa Kadi ya Yonas

Kuku wa saba alipitishwa mbele ya mashine ya kusaga, miguu juu kichwa chini, na Yonas, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, akajua bei yake haijashuka.

"Yule mfugaji amenunua kadi nyingine?" aliuliza.

"Yako tena," alicheka mwenye kuku. "Kadi moja, kuku mmoja. Laiti ningekuwa nazo kumi!"

Mwaka ule maduka ya Sumbawanga yalijaa vitu vipya, zikiwemo pipi za bablishi zenye kadi za wachezaji mpira wa Ulaya. Zenon mpiga picha hakukubali kubaki nyuma. Akawapiga picha wachezaji wote wa timu ya pale mjini, Mazwi, akachapa kadi ndogo, na mji ukashikwa na homa ya kukusanya. Kadi ya msimu wa kwanza wa mchezaji, kabla hajajulikana, waliiita mbichi. Hiyo ndiyo waliyoigombania. Ukiwa na mbichi ya mtu, halafu akaja kuwa nyota, basi wewe ndiye uliyemwona kwanza.

Mbichi ya Yonas, kipa wa akiba, hakuna aliyeigombania. Alidaka mechi moja, akafungwa manne, akarudi benchi. Watu waliikunja wakazibia chupa za mafuta ya taa. Mpaka alipotokea Malimi, mfugaji wa kule bondeni Muze, aliyepanda mjini kila siku ya mnada. Kadi ya Masunga nahodha hakuitaka. Ya mfungaji hakuitaka. Alimtaka Yonas tu, na alilipa kwa kuku.

"Mtu wa ng'ombe huyo," walinong'ona wakusanyaji. "Dume analijua lingali ndama."

Basi Yonas naye akaanza kujitazama upya kwenye kioo. Kesho yake angepanda basi kwenda Mbeya kujaribiwa na timu kubwa. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kumuaga tajiri wa mashine, na nafasi yake ilikuwa na mtu tayari.

Coleta, aliyeuza karanga mlangoni pale na kwenye kila mechi, alimtazama akijikung'uta unga kwa mara ya mwisho.

"Kaka Yonas, umeshamuuliza anakununulia nini?"

"Kipaji, Coleta. Ameona kipaji."

"Malimi? Juzi uwanjani nampimia karanga, namsikia anamuuliza jirani yake kwa nini yule mmoja anaruhusiwa kushika mpira."

"Umeona sasa?" Yonas alitanua kifua. "Macho yake yote yako kwa kipa."

Coleta aliguna, akajitwika beseni lake.

Kadi moja tu ilikuwa haijafika kwa Malimi, nayo ilikuwa ya Yonas mwenyewe. Aliitoa mfukoni. Pichani alikuwa amesimama golini, mikono kifuani, glovu za kuazima. Nyuma yake wavu, watazamaji wachache, beseni la karanga. Akaamua kumzawadia mtu yule aliyemwamini, tena ikiwa na sahihi. Lakini asaini wapi? Kifuani angeharibu jezi. Usoni angeharibu sura. Akachukua kalamu nene ya kuandikia magunia, akaandika pembeni, juu ya watu wa nyuma, kwa herufi kubwa: YONAS.

Alimkuta Malimi mnadani, kando ya zizi, amejiinamia kama kawaida yake. Walipokwisha kusalimiana, mfugaji yule alitoa kitambaa ndani ya koti, akakifungua taratibu kama anayemfunua mtoto mchanga. Kadi zilikuwemo, zimenyooshwa mikunjo yote.

"Nilisikia imebaki moja," alisema kwa sauti ndogo. "Sikulala vizuri, kuwaza iko mfukoni mwa nani."

Yonas aliingiza mkono mfukoni. Hata mama yake hakuwahi kumpenda hivyo.

"Ni hii hapa, ndugu yangu. Sitaki kuku. Na nimekuwekea sahihi."

Malimi aliipokea kwa mikono miwili. Akaiangalia. Akaisogeza kwenye jua, akaipangusa kwa kidole gumba, akaipangusa tena. Wino ulikuwa umekauka.

"Ndugu yangu," alisema hatimaye, machozi yakimlengalenga, "kadi nzima umejaa wewe, mahali pa kuandika ukapaona usoni kwa Coleta tu?"