Mjukuu Asiyemwamkia Babu

Kidogo tu Tumpe angemkanyaga babu yake. Mzee Gwakisa alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, miguu kainyoosha, na mjukuu akapita na ndoo ya maji kama anayepita uwanjani. Mzee akaivuta miguu haraka.

"Mke wangu," akamtania, "umeshapata bwana kijana, mimi huniamkii tena?"

Tumpe hakugeuka.

"Mwamkie babu yako!" bibi yake, Tusekile, akafoka, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

Msichana akakitazama kigoda, kisha akamtazama bibi yake. Machozi yakamlengalenga. Akatua ndoo taratibu, akatoka.

"Mwache," mzee akacheka. "Utoto tu." Ndivyo alivyokuwa siku zote, hajui kununa.

Tusekile hakucheka. Angekuwa Eveline, asingeshangaa. Eveline alitoka Ilula mwaka huu kuja kuolewa na mwanawe wa mwisho hapa Iyunga, akafundishwa kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Binti wa watu akaishika mila kuliko waliozaliwa nayo. Alipita mbele ya mzee kimya, hata jina lake halikumtoka. Tusekile alimsifia mpaka kanisani. Lakini mjukuu! Mjukuu na babu ni watani.

Tena juzi, alipofungua mlango wa jiko, alimkuta Tumpe amesimama nje, katega sikio.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, bibi."

Na kweli hakukuwa na kitu. Jikoni walikuwamo yeye na mumewe tu, wakipiga soga za mahindi.

Hapo ndipo moyo ulipompasuka, akamkumbuka Crispin, kijana wa jirani. Naye alianza hivihivi, kujitenga na kusikiliza visivyosikika. Nduguze wakaona aibu, wakamfunga kamba na kumficha chumbani, hadi akatoroka. Mpaka leo mama yake hukimbilia barabarani kila akiona kijana mwenye nguo chafu. Tusekile akaapa: Tumpe hatafungwa kamba na mtu, yeye akiwa hai.

"Twende hospitali," akamwambia, akijiandaa kwa ubishi. "Si aibu. Nesi Lusia alisema alipokuja kanisani, wengi husikia sauti na kuona vitu, vijana kwa wazee. Mtu akiwahi, husaidika."

Tumpe akamkumbatia kwa nguvu. "Twende hata leo, bibi."

Eveline akawakimbilia hadi njiani na sweta lake mwenyewe. "Vaa mama, kuna baridi," akasema, akamvika Tusekile na kumfunga vifungo vyote. Mzee akabaki kulinda kuku.

Hospitalini, Nesi Lusia aliwapokea vizuri. Alimpisha Tusekile kiti chake chenye mto, akavuta stuli akaketi karibu. Tusekile akaeleza yote, huku kamshika Tumpe mkono asije akakimbia.

"Babu yake anamsemesha, mwenzake anamtazama kama hewa. Siku hizi hamwoni kabisa! Nakuomba mwanangu, msimfunge. Ni mtoto mwema huyu. Maji yote ya nyumbani anachota yeye."

"Hapa hatufungi mtu, mama." Nesi akamgeukia msichana. "Tumpe, ni kweli humwoni babu?"

Tumpe akauweka mkono wake wa pili juu ya mkono wa bibi, akaubana.

"Simwoni, sista," akasema polepole. "Tangu siku tuliyomzika, anayemwona ni bibi peke yake."