Chenga za Bi Mwatumu

Mvua haikukatika, umeme ndio uliokatika, na ving'amuzi vya mtaa mzima vikazimika. Watu wakaikumbuka televisheni ndogo ya betri ya Bi Mwatumu, wakapanda kilimani kwake na watoto wao kutafuta habari za mafuriko, kama zamani.

Bi Mwatumu akaiwasha. Chenga tupu.

"Hii ni ya analojia, bibi," jirani yake Shekue akasema. "Mitambo yake ilishazimwa."

Bi Mwatumu aliona haya, kana kwamba amewaita bure.

Ndipo bondeni kukasikika kishindo. Wakakimbilia mlangoni: maji yalikuwa yamefika kwenye mapaa ya nyumba walizotoka. Wakatazamana, wakaitana majina. Hakukosekana mtu.

Shekue akanyoosha mkono kuizima televisheni. "Betri zitaisha, bibi."

"Iache," akasema Bi Mwatumu, akiifuta vumbi kwa upindo wa kanga. "Alhamdulillahi. Iache ivume."