Magauni Ishirini na Saba

Kwach. Kimya. Kwach, kwach.

Bertilla alifumbua macho gizani. Ulikuwa mkasi wa mama mkwe wake, unakata kitambaa upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba chenye sanduku. Ndani ya sanduku lilikuwa gauni la Bertilla la sherehe.

Hakuinuka. Alisikia mlango wa nje ukilia, nyayo zikaondoka, baridi ya alfajiri ikaingia ndani hadi miguuni kwake.

Alikawia kitandani; alipowasha koroboi na kwenda kutazama, sanduku lilikuwa wazi na gauni halimo. Msumari ambao mama mkwe alitundikia la kwake ulikuwa mtupu pia; huyu keshajivalia lake, Bertilla aliwaza. Sakafuni palikuwa na kola moja na mikono miwili ya gauni, buluu yenye vidoti vyeupe, imekatwa kabisa.

Leo hii. Siku yenyewe.

Magauni yale yaliletwa na lori kutoka Sumbawanga hadi duka la kijiji, yameshashonwa, ishirini na saba kwa wanawake ishirini na saba waliomaliza kisomo cha watu wazima, yote kipimo kimoja. La Bertilla lilimkwama kifuani, halishuki wala halipandi. Na mwalimu alikwishasema kwamba asiye na sare hatasimama mbele ya mgeni wa wilaya. Bertilla ndiye aliyechaguliwa kusoma majina. Akisoma vizuri, angechukuliwa kufundisha kisomo yeye mwenyewe.

Ndiyo maana alisimama mkutanoni kuomba duka liagize magauni makubwa. Muhidin, mwuza duka, alimjibu kuwa kiwanda hakimjui Bertilla. Mwingine akasema basi aletewe turubai la lori. Watu wakacheka, Bertilla akangoja wamalize.

"Mwembamba analima, mnene analima," alisema. "Nguo zikifika, duka ni la mwembamba peke yake?"

Wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Huenda wangekubali. Lakini aliyeinuka kumpinga alitoka nyumbani kwake mwenyewe, mama mkwe wake, Dominika.

"Kaa chini, Bertilla. Mwili wa mtu haujadiliwi mkutanoni. Ya nyumbani yanamalizwa nyumbani."

Duka halikuagiza kitu; Bertilla alibaki na mpango wa kulipasua lake mgongoni na kujifunika khanga. Tangu siku ile, ndani ya nyumba ilikuwa shikamoo mama, marahaba, basi. Na huyu ndiye aliyejifunza kuandika jina lake kwa mkaa mlangoni, miezi miwili, Bertilla akimshika mkono kama mtoto.

Adela akatoka kitandani kwa bibi yake anafikicha macho. Alikuwa na miaka minne.

"Bibi yako kafanya nini na gauni?"

"Bibi kasema nisiseme."

Bertilla aliiokota kola, akamfunga mwanawe mgongoni, akatoka. Alikusudia kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, aiweke ile kola juu ya meza yake, na kijiji kizima kijue ni mkwe wa namna gani anaishi naye. Jua lilikuwa linachomoza juu ya mashamba ya ulezi na vidole vyake vilikuwa vya baridi, lakini masikio yalimwaka moto.

Alipopita barazani pa duka, aliitwa na Lukmani, fundi cherehani ambaye zamani, mjini, kwenye duka la baba yake, alikuwa akimpima kila mtu kwa kamba kabla ya kugusa kitambaa. Siku hizi alikuwa akishona vifungo tu.

"Dada Bertilla, njoo ulijaribu hili."

Lilikuwa buluu, vidoti vyeupe. Bertilla aliingia nyuma ya pazia. Gauni likashuka mabegani, kifuani, kiunoni, hadi chini ya magoti, bila kubana popote. Kila ubavu ulikuwa na mishono miwili badala ya mmoja, kutoka kwapani hadi pindoni, imepigwa pasi vizuri.

Akauliza limetoka wapi.

"Kubwa limepatikana," Lukmani alisema, macho kwenye cherehani. "Mengine usiniulize. Mimi fundi tu."

Kumbe duka linaweza, likitaka. Bertilla aliitia kola mfukoni. Kwa mwenyekiti hakwenda tena. Hii angemwonyesha mwenyewe mama mkwe, baada ya sherehe, ana kwa ana.

Mbele ya shule mabenchi yalijaa buluu. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, ya mama mkwe. Hata kunitazama hawezi, Bertilla aliwaza, akafungua karatasi.

Alisoma jina, mwanamke akainuka, akaandika jina lake kwenye daftari la mgeni, akapokea cheti, vigelegele vikapigwa. La kwanza, la tano, la kumi na nane. Mgeni alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu alimkonyeza.

"Dominika."

Hakuna aliyeinuka.

"Dominika."

Wanawake waligeuka kutazamana. Bertilla alikuwa ameikunja ile kola mfukoni ndani ya ngumi. Akaliita mara ya tatu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu aliyemzidi umri.

Mgeni aliinua kalamu, akauliza kama huyu alikiacha kisomo, amfute.

Bertilla alifungua mdomo kusema ndiyo. Lakini Adela, aliyekuwa amekaa chini na watoto wenzake, mbele kabisa, alikuwa ameshasimama.

"Bibi kasema haji, gauni lake amelikata akampa mama."