Hata Nukta Isibaki

Mshonaji alivuta pindo la shati la mumewe kutoka nyuma. Shati alilishona mwenyewe, alijua pa kushika.

"Nauliza tena," jaji alisema. "Hukumu hii ya ng'ambo, uliwahi kuikubali?"

Mumewe, dereva wa malori, alikuwa amesimama, jasho limemchora mgongo. Aligeuza shingo kidogo. Mkewe akamtikisia kichwa: hapana.

"Hapana, mheshimiwa. Hata siku moja."

Upande wa pili wa chumba, mwanamke aliyevaa miwani alimtazama Dereva, kisha akatazama dirisha. Huyo alikuwa mwalimu wa shule, na ndiye mke wa kwanza.

Mwalimu na Dereva walioana hapa, wakaishi katika nyumba ambayo Dereva anaishi hata sasa, mpaka Mwalimu alipochoka na mume anayeonekana kama mvua ya kiangazi. Akafunga mizigo, akarudi kwao, ng'ambo ya mpaka. Huko akafungua kesi. Mahakama ya kwao ikavunja ndoa, na chini kabisa ikaongeza kwamba nyumba ni yake. Dereva hakwenda wala hakujibu. Aliposikia yuko huru, akamuoa Mshonaji kwa msajili, ndoa ya mke mmoja, na ile habari ya nyumba akaichukulia kama kelele za jirani.

Hukumu nayo ni kama msafiri. Kwao ni mtu mzito. Ikivuka mpaka inaulizwa inakwenda kwa nani na nani anaifahamu. Miaka ilipita kimya. Sasa Mwalimu ameivusha, anaiomba mahakama ya hapa iitambue. Ikitambuliwa, dalali wa mahakama anakuja na kufuli.

Na chumba cha mbele cha nyumba hiyo Mshonaji alikijenga mwenyewe, kwa sare za shule na magauni ya maharusi. Mle ndimo zilimo cherehani zake. Tangu wito wa mahakama ulipoletwa alikuwa akishona na kufumua, akishona na kufumua.

Wakili wao, kijana mwenye tai iliyomzidi shingo, alianza kwa upole walipokwenda ofisini kwake.

"Mama, tunaweza kupinga kipande cha nyumba tu. Ardhi iko hapa, mahakama ya kule haina mamlaka juu yake. Mengine tuyaache yalivyo."

"Mengine yapi?"

"Yaliyobaki humo. Si yote mabaya kwenu, ukiangalia..."

"Mwanangu, umewahi kuona nyoka anakatwa mkia, kichwa kinaachwa?"

"Mwache kijana aeleze," Dereva alisema.

"Wewe nyamaza. Ulinyamaza kule ndiyo maana tuko hapa."

Dereva akarudi kuegemea kiti.

"Kitambaa kikiliwa na panya mimi sikati kipande," Mshonaji alisema. "Natupa chote. Pinga yote. Hata nukta isibaki."

Wakili alimtazama Dereva. Dereva alitazama viatu vyake.

"Niandike hivyo, mama? Yote?"

"Andika. Na wino ukolee."

Basi ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo jaji alivyosoma siku ya uamuzi. Mdaiwa hakuwahi kuishi ng'ambo. Hakuitwa kwa njia inayofaa. Ameapa kwamba hakuikubali hukumu ile kamwe. Kwa hiyo mahakama hii haiitambui, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho.

 Mshonaji alimshika mumewe mkono, mkono ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

Mwalimu alisimama.

"Naomba kuelewa, mheshimiwa. Kwa hapa kwenu, hukumu ile ni kama haikuwahi kutolewa?"

"Kwa hapa, ndiyo."

"Hakuna sehemu yake inayosimama?"

"Hakuna."

"Nashukuru sana," alisema, kama mtu aliyepotea akaonyeshwa njia.

Kwenye korido Mshonaji alishindwa kujizuia.

"Pole, dada. Safari njema. Wahi mpakani kabla hawajafunga."

"Asante, mdogo wangu. Safari yangu imekwisha."

Mshonaji alicheka peke yake. Dereva hakucheka. Wakili naye alikuwa akipanga mafaili yake taratibu mno kwa mtu aliyeshinda kesi.

"Mama, mpite ofisini leo hii. Kuna jambo."

"Kesho, mwanangu. Leo tuache tupumue."

Nyumbani Dereva alivua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kochi na kujifunika uso kwa mkono. Mshonaji alichemsha chai. Aligusa ukuta wa chumba chake cha mbele kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyepona. Lakini moyo haukutaka kukaa. Ulikuwa kama umeacha kitu jikoni kinaungua. Alikwenda kuangalia. Jiko lilikuwa limezimwa.

Aliporudi sebuleni, mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa ameingia na masanduku mawili. Aliyaegemeza ukutani, akavua viatu, akaviweka kando ya vya Dereva. Kisha akafungua dirisha lile gumu, akalipiga ngumi pale pale linapokwama, likafunguka.

Dereva alikuwa amekaa sasa, mdomo wazi.

"Wewe!" Mshonaji alisema, birika likiwa mkononi. "Hata hodi?"

"Mke asiyeachwa hapigi hodi kwake," Mwalimu alisema, akavuta kiti, akakaa. "Na wewe, mdogo wangu, ni mgeni wa nani hapa?"