Namba Tisa

Kwenye kizuizi cha polisi cha Kinna, kaskazini mwa Kenya, inspekta alifungua daftari langu la utafiti wa uzamivu. Jiko lake la chai liliwaka kando.

"Bwana Guyo, wazee arobaini wamekuambia wanataka kujiunga na Somalia. Majina yao?"

"Niliapa kuyaficha, afande. Ni namba tu."

Lakini kila namba ilikuwa na alama ya dole gumba, ushahidi kwamba mzee alikubali kuhojiwa. Profesa wangu alisisitiza nizichukue. Ile ya namba tisa, ya baba yangu, ilikatwa katikati na kovu la kisu.

Inspekta aliinamia kovu lile, kisha akamwita konstabo. "Leta wino. Wazee wote wa hapa wapange laini."

Nikainyakua miaka mitatu ya kazi yangu mikononi mwake, nikageukia jiko.